Yakani wa Visima na Kelele za Midia

Yakani, mtoto wa marehemu dada yangu, alichimba visima arobaini na kimoja huku Koboko, viwili ng'ambo ya mpaka Sudani, na shimo moja Arua ambalo halikuwa kisima. Hilo nitalieleza. Alizaliwa na ngumi zimefumbwa, na mkunga alipozifungua alikuta udongo mwekundu ndani. Wanaobisha hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nilishika beseni.

Mtu akikuambia kuchimba kisima ni kazi ya nguvu, usimsikilize. Yakani ni mwembamba kama mpini wa jembe. Kazi yake ilikuwa masikio. Alipofika chini, kabla ya kuinua sururu, alilaza shavu lake udongoni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka walioshika kamba juu wakaanza kutukana. Alisema changarawe nyekundu inakoroma, udongo wa mfinyanzi unameza mate, na jiwe linanyamaza. Kwenye jiwe alifanya kazi haraka, asigeuze mgongo.

Kwetu ardhi hutikisika. Si kila mwaka, lakini kila nyumba ina ukuta wenye ufa wa kuonyesha. Na ikitikisika, sisi watu wa kijiji hiki cha Midia tunafanya kama wazee wetu walivyofanya: tunapiga kelele. Mwenye sufuria anapiga sufuria, mwenye jerikeni anapiga jerikeni, kanisani wanavuta kengele, asiye na kitu anapiga kifua, na wote tunaita, "Tuko! Tuko hapa!" Nilipokuwa mdogo niliambiwa chini kuna mzee amelala, na akijigeuza usingizini anaweza kusahau kwamba mgongoni mwake wanaishi watu. Mimi nilipoanza kuwasimulia wajukuu nikamwongezea mzee huyo ndevu, nikamwongezea wake watatu na kikohozi. Kikohozi ndicho watoto walichokipenda zaidi.

Mwaka wa tisini, ardhi ilipotikisika vibaya upande wa Juba hata sisi huku tukashindwa kusimama, Yakani alikuwa kijana, anajifunza kazi huku kwetu kwa mchimbaji mmoja wa Sudani, Saturnino. Siku hiyo Saturnino alikuwa chini, mita kumi na mbili. Yakani alikuwa juu, kamba mkononi. Ardhi ilipoanza, aliiacha kamba, akakimbilia jerikeni tupu, akapiga. Alipiga kwa bidii, mtoto aliyelelewa vizuri. Kijiji chote kilipiga. Waliponyamaza, Saturnino alikuwa amekwisha kunyamaza kabla yao.

Udongo ulikuwa umemfika kifuani tu. Hakuuawa mara moja. Walipomtoa waliona ukutani, pale mikono yake ilipofika, mistari ya kucha, mingi, imepandana. Alikuwa ameita muda mrefu. Na kamba yote ilikuwa chini pamoja naye, imejikunja vizuri kama nyoka aliyeshiba.

Yakani alirudi nyumbani, akafyatua matofali miaka mitano, hataki kusikia neno shimo. Halafu jua likakausha visima, watu wakaja kumwomba, akakubali kwa sharti moja. Mbali na kamba nene ya kumshusha na kumpandisha, alifunga kamba nyembamba ya nailoni kwenye mkono wake wa kushoto. Mvuto mmoja: niko. Miwili: ngoja. Mitatu: nitoe. Na mwisho wa kamba hiyo hakumpa kila mtu.

Alimtafuta wa kumpa mpaka akafika Ombaci, karibu na Arua, kwa wazazi wa Eyotaru. Nilikwenda naye siku ya kujitambulisha, kwa hiyo haya sikuyatunga.

"Wewe unataka mke ao unataka nguzo?" Eyotaru alimwuliza alipoelezwa habari ya kamba.

"Nataka mutu ambaye hawezi kukimbia."

"Mimi nakimbia vizuri sana. Uliza watu wa Ombaci."

"Basi kimbia leo yote, umalize."

Alicheka, akaolewa. Akashika kamba ile zaidi ya miaka ishirini, na mimba, na homa, na mtoto mgongoni. Katika visima hivyo vyote hakuondoka mdomoni mwa shimo hata kwenda kukojoa.

Sasa lile shimo la Arua. Mwaka juzi alikuja Sandra, binti wa Koboko aliyesomea mawe chuo kikuu. Alitaka mtu wa kumchimbia shimo la mita mbili nje ya mji wa Arua, kuta zilizonyooka, chini lifike kwenye jiwe lenyewe, aweke humo mashine inayosikiliza ardhi. Yakani alilimaliza kwa siku moja. Mashine ilipowekwa, alikanyaga chini kwa kisigino, na mstari kwenye kompyuta ya Sandra ukaruka. Akakanyaga tena. Ukaruka tena. Akavua viatu, akatembea polepole kama mwizi. Mstari bado ulimwona.

Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza kuogopa, maana alikuwa amedhani ni yeye peke yake anayesikiliza.

Walikaa kando ya barabara ya Koboko wakingoja gari. Malori ya kwenda Juba yalikuwa yamepanga foleni. Yakani akauliza chini kuna nini, chini kabisa, kule sururu isikofika. Sandra akampa nyundo.

"Muzee, gonga hii lami. Iko ngumu?"

"Iko ngumu."

"Sasa angalia pale malori yanasimama kila siku."

Pale lami ilikuwa imebonyea mifereji miwili, na pembeni imeumuka kama unga uliokandwa.

"Nani aliiyeyusha?" Sandra akauliza.

"Hakuna mutu. Iko mzigo, iko jua, basi."

"Ndiyo hivyo na huko chini. Tunakanyaga ganda la dunia. Chini ya ganda kuna jiwe nene mno, tunaliita koti la dunia. Si maji, si moto wa kumwagika, ni jiwe gumu. Lakini lina joto, limebeba mzigo, na lina muda wa kutosha. Kwa hiyo linatembea, kama hii lami. Na lile ganda, pamoja na upande wa juu wa koti, limekatika vipande vikubwa, mabamba. Nayo yanatembea."

"Yanakwenda wapi?"

"Hapa kwetu yanaachana. Ule mpasuko wa Ziwa Albert, ambao mto Nile unaufuata, huko ndiko yanakoachana. Wa mashariki wanaondoka, sisi wa huku tunabaki. Polepole kuliko kucha inavyokua."

Yakani akafikiri kama mchimbaji anavyofikiri. "Binti, mimi nikichimba, udongo niliotoa lazima niuweke mahali. Dunia ikipanuka hapa, inapunguza wapi?"

Sandra alimtazama vizuri, kama aliyekuta kuku anajua kusoma. "Mbali sana, kando ya bahari kubwa, bamba moja linaingia chini ya jingine. Sakafu ya bahari yenyewe, nzito, iliyopoa, inazama ndani ya koti. Inakwenda chini mamia ya kilomita."

"Inamezwa."

"Inamezwa, muzee."

"Na ikikwama kooni?"

"Inaweza kukwama miaka mia, miaka mia mbili. Halafu inaachia kwa mara moja. Ile mitetemeko mikubwa kabisa ya dunia inatoka huko."

"Na hapa?"

"Hapa hakuna kumezwa. Ni kupasuka tu. Lakini hata kupasuka kuna kukwama na kuachia."

Yakani akangoja lori moja lipite. "Na ukipiga kelele?"

Sandra akacheka. "Kelele kwa nani?"

Swali hilo alirudi nalo Midia, akalala nalo, akaamka nalo. Alikuja kwangu, akakaa, akakataa chai. "Mama," akaniambia, "yule muzee wako wa kikohozi, mutu anaweza kumwamsha, anaweza kumwomba. Lakini jiwe haina masikio. Saturnino alikuwa na masikio. Mimi nilipigia jerikeni kitu ambacho haisikii, na mutu aliyesikia akakufa."

Nikamwambia anywe chai.

Akawaita wenzake wa kamba nene, Asiku na Swadiki, wanaume wawili wenye mabega kama milango. Nami nilikuwapo na Eyotaru. Akasema ardhi ikitikisika yeye akiwa chini, mtu asipige kitu chochote. Washike kamba. Wanyamaze. Wamsikilize.

"Muzee, mimi kuacha kamba?" Asiku akasema. "Hata simba akuje!"

"Simba akikuja hutaiacha, najua," Swadiki akamwambia. "Utakimbia nayo mpaka Arua, muzee amefungwa nyuma."

Tulicheka, tukaapa. Mimi niliapa na karanga mdomoni.

Mwaka huu kiangazi kimekuwa kirefu. Pampu ya kijiji ilikufa Januari. Kisima cha nyuma ya nyumba ya Asiku, kile Yakani alichokichimba mwenyewe zamani, kilishuka mpaka tukawa tunachota tope. Halafu asubuhi moja tukakuta maji yamepanda kwa urefu wa mkono, na hakuna mvua iliyonyesha. Wanawake walipiga vigelegele. Eyotaru aliteka ndoo, akaingiza kidole, akakitoa.

"Maji iko na joto," akasema.

Yakani aliyaonja, akayatema. Yalikaa siku nne. Siku ya tano yaliondoka yote kama yaliyoitwa.

Akampigia Sandra simu. Sandra akasema mashine ya Arua inaona mitetemeko midogo, mingi, ambayo mtu hawezi kuisikia, tangu wiki iliyopita. Itakuja mikubwa? Hajui. Lini? Hakuna anayejua, wala mashine haijui. Angoje. Yakani akangoja siku tisa. Wakati huo wanawake walikuwa wanatembea mpaka mtoni, wakigombana na ng'ombe kwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mtoto mmoja wa jirani alikuwa anaharisha mpaka macho yamezama. Siku ya tisa akapiga tena.

"Ile mitetemeko imeacha?"

"Imenyamaza, muzee. Sijui kama imeacha."

Yakani akakata simu. Kisima kilihitaji kuongezwa mita mbili tu. Alimtazama Eyotaru, na Eyotaru akatazama pembeni. Halafu akaenda kuileta kamba ya nailoni.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Walishusha koroboi kwanza kujaribu hewa, na moto ukasimama wima. Wakamshusha Yakani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na rundo la matofali, nachambua karanga kwenye sinia. Eyotaru alikuwa mdomoni mwa shimo, nailoni imezungushwa kwenye kiganja mara mbili. Jerikeni lililokatwa likashuka tupu, likapanda na tope. Likashuka, likapanda. Nilianza kuwaza habari za chakula.

Karanga zikaanza kucheza kwenye sinia.

Sauti ikaja, kama lori la saruji linapita, ila barabara iko mbali na sauti hiyo ilikuwa chini ya matako yangu. Halafu ardhi ikavutwa upande, ikarudishwa. Kuku walilala chini na mabawa wazi. Nyumba ya Asiku ikatoa vumbi kila pembe, kama mtu aliyepigwa mgongoni.

Niwaambie kweli, na mimi si mtu wa kusema kweli mara nyingi. Asiku aliiacha kamba. Gogo la kuzungushia kamba likazunguka peke yake mpaka kamba ikaisha, ikatumbukia. Asiku alishika jerikeni, Swadiki akashika karai, na mimi niliyeapa nilikuta nimeinua sinia, nalipiga kwa ngumi, karanga zote zimemwagika, nasema, "Tuko! Tuko hapa!" Hakuna aliyeamua. Mkono ulijua kabla ya kichwa.

Eyotaru alikuwa amelala kifudifudi mdomoni mwa shimo. Tofali za ukuta wa kisima, za juu, zilianguka ndani moja baada ya nyingine mbele ya uso wake. Alitugeukia, mdomo umefunguka wote, mishipa ya shingo imesimama. Nasi tulimwona, na tulifurahi, maana tulidhani na yeye anasema "Tuko."

Alikuwa anasema "Nyamazeni."

Aliniendea mimi kwanza, nailoni bado kiganjani. Alininyang'anya sinia, akalikalia. Mimi, mama mkwe wake! Asiku alipigwa kofi. Swadiki aliweka karai chini mwenyewe. Ardhi ilikuwa imetulia, nasi sasa tulikuwa kimya, lakini Midia haikuwa kimya. Boma kwa boma, shule, kengele ya kanisa, mpaka upande wa Kongo, watu walikuwa wanapiga. Wakisikia wa mbali wanapiga, nao wanaongeza. Hatukuweza kusikia hata mtu akikohoa ndani ya shimo.

"Yakani!" Eyotaru aliita. Akageuza sikio. Akatikisa kichwa.

Halafu akatazama kiganja chake.

"Moja," akasema.

Tukangoja.

"Moja tena. Anasema iko."

"Mitatu hapana?" Swadiki akauliza.

"Moja tu."

Tukaelewa: kama angeweza kupandishwa, angevuta mitatu. Alikuwa hai, na alikuwa amebanwa, na akivutwa kwa nguvu atakatika. Lazima mtu ashuke, atoe tofali kwa mkono, bila kujua ipi imeshikilia ipi. Ni Yakani peke yake aliyeweza kusema ipi, na hatukuweza kumsikia. Asiku akajifunga kamba nyingine kiunoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. Akashuka, akafika nusu, akapiga kelele ambazo hatukuzielewa, akapanda. "Anaongea," akasema, "lakini hii kengele! Sisikii maneno!"

Basi nikakimbia. Wanaosema mwanamke wa umri wangu hawezi kukimbia waulize watu wa boda boda, niliwapita wawili. Nilijua nikiwaambia kuna mtu shimoni, watakuja wote kutazama na kulia, na kilio ni kelele vilevile. Kwa hiyo niliingia boma la kwanza nikasema nilichojua kusema. Nikasema mzee wa chini ameamka. Ameamka kweli, nimemsikia akikohoa, na anamtafuta anayempigia kelele. Anakuja palipo na sauti.

Sijawahi kuona sufuria zikiwekwa chini taratibu namna ile. Mama mmoja alimziba mtoto mdomo. Kijana mmoja akapiga simu Koboko mjini, na nilipofika boma la nne, uongo wangu ulikuwa umenitangulia, wamekaa chini wote, vidole midomoni. Mwenye kengele ya kanisa aliikumbatia kwa mikono miwili isije ikalia.

Nikarudi katika ukimya huo, nasikia miguu yangu mwenyewe. Kisimani Asiku alikuwa ndani tena. Na nikasikia, kutoka chini, sauti ya Yakani, ndogo, ya mtu anayefundisha kazi: "Siyo hiyo. Ya chini yake. Polepole. Hiyo ya pembeni iache, imeshika ukuta."

Saa saba ardhi ilitikisika mara ya pili, na Asiku alikuwa chini pamoja naye. Hakuna aliyefungua mdomo. Swadiki alikuwa amejifunga kamba mwilini na kuuzungushia mti wa tiki. Udongo ulimwagika, tukausikia wote ukimwagika, na ukaacha. Eyotaru alitazama kiganja.

"Moja," akasema.

Walimtoa saa kumi. Mguu wa kushoto ulikuwa umesagika chini ya goti, na hospitalini Arua waliukata. Sandra alikuja kumwona, akakaa pembeni ya kitanda bila kusema habari za mawe. Alikuwa amelia njiani. Yakani akamwambia asilie, simu aliikata yeye.

Sasa yuko nyumbani. Hachimbi, na amekataza mtu yeyote kukigusa kisima kile. Maji bado tunayafuata mtoni. Kwangu hakuja kwa muda mrefu, na alipokuja aliniambia, "Mama, uende uwaambie watu ulidanganya."

Nilikwenda. Boma kwa boma, na magoti haya. Niliwaambia hakuna mzee, kuna jiwe tu, lenye joto, linalotembea, wala halituchukii wala halitujui. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa karanga. Hakuna aliyeniamini. Nimewadanganya miaka sitini nikaaminiwa. Mara moja nimesema kweli, wakatazamana.

Mwezi uliopita ilitikisika tena, jioni, wakati wa kukoroga chakula. Midia yote ikanyamaza. Mwiko ukasimama ndani ya chungu, watoto wakakunja mikono. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaisikia ardhi yenyewe, bila sufuria, bila kengele. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa kitu kirefu, kizito, kinachokokotwa, kilikuja kutoka upande wa mto Nile, kikapita chini yetu bila haraka yoyote, kikaelekea Kongo, na mtetemeko ulipokwisha sauti ilikuwa bado inakwenda.

Wajukuu walikuwa wamenishika nguo, mimi bibi yao. "Haboba," mdogo akaninong'oneza, "ni nini?"

Wote walingoja niseme, ni mzee au ni jiwe. Yakani na Eyotaru nao walingoja. Nilifungua mdomo, na sauti ilikuwa bado inapita.